XETV na XEWT: vituo viwili vya Tijuana
Vituo hivi vya televisheni viko jiji moja la Meksiko, mpakani na Marekani, lakini vililenga watazamaji tofauti. XETV, chaneli 6, ilianza 1953 na kutangaza kwa Kiingereza kwa ajili ya San Diego, ng'ambo ya mpaka. Ilirusha vipindi vya ABC, mtandao wa televisheni wa Marekani, hadi mamlaka ya Marekani ilipokatiza uhusiano huo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikapata mtandao mwingine, Fox, mwaka 1986, ikaupoteza 2008, ikashika mtandao wa CW hadi 2017, na Kiingereza kikaishia hapo. XEWT, chaneli 12, ilianza 1960 kwa Kihispania. Kwa wingi wa matukio, XETV haina mpinzani. Ila kama kituo cha wana-Tijuana wenyewe, mimi naiweka mbele XEWT: uhai wake haukutegemea mikataba ya mitandao ya Marekani.