Kadi ya bima ya kazini nyota 3, kliniki yenye bei ukutani nyota 5

Kadi hii tulipewa kazini mwaka jana, inanihudumia mimi, mke wangu na watoto wawili, na naisifu kwanza maana inastahili. Mtoto akishikwa na homa usiku sikimbilii tena kukopa, napanda naye boda, naonyesha kadi, anatibiwa. Mimi nimekulia kijijini hapa Uganda, huko kituo cha serikali matibabu ni bure tangu 2001 walipoondoa ada, lakini mara nyingi unaambiwa dawa zimeisha kanunue nje, kwa hiyo kadi kwangu ni raha kubwa jamani.

Shida ni bei. Huijui! Kliniki ya kwanza tuliyoenda kwenye orodha ya kampuni ya bima ina jengo zuri, viti vya ngozi, wanachukua kadi, wanapima, halafu unasaini fomu na ile sehemu ya pesa iko tupu kabisa. Nilisaini hivyo miezi saba. Mwezi wa nane ikaja meseji limiti ya matibabu bila kulazwa imeisha, shilingi milioni 2 zote, na sisi tulikuwa na malaria, mafua na jino moja tu. Nikaomba mchanganuo wakanizungusha wiki 3, nilipoupata naona kipimo cha malaria wameandika 40,000, na wiki hiyohiyo jirani yangu alipima palepale kwa keshi akalipa 15,000. Kipimo kilekile. Iliniuma sana, kwa sababu ile limiti ni jasho langu, hiyo pesa bosi angeweza kunipa kwenye mshahara.

Mwaka huu tumehamia kliniki ndogo karibu na stendi ya teksi, nayo inapokea kadi. Foleni Jumamosi ni ndefu, daktari ni mmoja. Lakini bei zimebandikwa ukutani, keshi na kadi ni sawa, na kabla ya kutoa damu dada wa mapokezi anakuambia, "Mzee, daktari ameandika vipimo vitatu, jumla 62,000, tuendelee?" Siku moja nikarudi kumuuliza daktari kama kile cha tatu ni lazima, akasema kinaweza kusubiri siku mbili tuone, na mtoto akapona bila hicho.

Binamu yangu aliye Marekani anasema kule ni sheria, tangu Januari 2021 hospitali lazima ziweke bei kwenye intaneti, hata zile walizokubaliana na kila kampuni ya bima, na tangu Julai 2022 bima za kazini nazo zianike bei wanazolipa. Si hospitali zote zinatii na mafaili mengine ni makubwa mno huwezi kuyasoma, ila mwajiri akitaka kulinganisha ana pa kuanzia. Sisi Uganda mswada wa bima ya afya ya taifa Bunge liliupitisha Machi 2021 na rais hakuusaini, basi tuliobahatika tunategemea hizi kadi.

Ukiwa na kadi, kabla hujasaini mwambie mtu wa mapokezi aandike bei, akikataa piga picha fomu ilivyo. Kazini kwetu tumemwomba HR, yule anayeshughulikia wafanyakazi, awaambie watu wa bima kabla mkataba haujaongezwa mwezi wa sita walete bei za kila kliniki kwenye orodha, na ile ya viti vya ngozi isipotoa zake iondolewe.