Ubani wa Marikiti au ubani wa kopo? Maoni ya sakristani

Niseme mapema: parokiani kwetu hatununui tena ubani wa kopo. Akija padre mgeni na kopo lake la zawadi tunapokea na kushukuru, basi. Sakristani, yaani mtunza vifaa vya ibada, ni mimi, funguo za kabati ninazo mimi, na paroko ameridhia. Tunafukiza ubani wa Marikiti, soko letu la hapa Mombasa, huu huu majirani zetu Waislamu wanaochoma Alhamisi jioni na siku za harusi. Haya nawaandikia masakristani wenzangu wa Pwani ambao bado pesa ya sadaka inawaishia kwenye makopo yenye picha ya Mamajusi.

Tuanze na kopo lenyewe. Duka la vifaa vya ibada ninaloendea (silitaji, hostia bado nanunua huko) huuza ubani wa punje za rangi, nyekundu, kijani na nyeupe zikiwa zimechanganywa. Ukifungua kifuniko wanukia vizuri, kama sabuni ya kuogea. Ukiutia kwenye kaa, yale manukato yanaruka mara moja na unabaki moshi mzito wa kukereketa koo. Kwaya yetu hukaa kuliani mwa altare, ndiko upepo wa bahari unakosukumia moshi, na sauti ya kwanza huanza kukohoa kabla "Utukufu" haujafika katikati. Kuhusu bei, pesa ya kopo moja Marikiti inanunua ubani wa Juma Kuu zima na nauli ya matatu inabaki.

Na ubani wenyewe kwao ni hapa jirani. Pembe ya Afrika ndiko unakotoka ubani mwingi wa dunia. Kaskazini mwa Somalia miti yake huota hata kwenye majabali. Watu huchanja gome, utomvu ukatoka mweupe, ukaganda kwa siku kadhaa, ndipo ukakwanguliwa. Hata Kenya yetu, kule Wajir, Isiolo na Marsabit, wafugaji huokota ubani wa aina nyingine, mweusi mweusi. Sasa uvuke bahari, upakwe rangi, urudi Mombasa kwa bei ya mgeni, kwa nini?

Muuzaji wangu pale Marikiti, upande wa viungo, ni mzee wa kofia ambaye sasa ananijua. "Shikamoo mzee." "Marahaba mama. Wataka wa kufukiza nyumba ama wa kanisa?" Nikisema wa kanisa, hagusi gunia la mbele. Anainama nyuma, anatoa mfuko mdogo, anamimina kiganjani. Punje nzuri ni za manjano mepesi, karibu kuona ndani, na ukiivunja kwa meno inapasuka kama kioo halafu inalainika ukitafuna. Zenye vipande vya magome na vumbi ni za bei ya chini, na vumbi ndilo linalofanya moshi uwe mchungu. Kataa uliosagwa. Muulize pia kama umechanganywa na sandarusi, utomvu wa mti mwingine. Sandarusi si sumu, na zamani Pwani yetu iliisafirisha kwa wingi ikatengenezewe vanishi, lakini kwenye chetezo hunuka hivyo hivyo, vanishi. Mzee wangu aliwahi kunichomea zote mbili pale pale kwenye kitezo cha udongo nichague mwenyewe. Duka gani la vifaa vya ibada litakufanyia hivyo?

Pingamizi lilikuja kutoka baraza la parokia. Mzee mmoja alisema ubani wa sokoni ni wa waganga, ndio wanaopandishia mashetani, hauwezi kukaribia Sakramenti Kuu. Hofu hiyo siidharau. Sisi sote tumekulia huku na tunajua unachomwa wapi na wapi. Paroko alimjibu kwamba mwongozo wa maadhimisho ya Askofu, namba 85, unataka ubani safi wenye harufu nzuri peke yake, au ukichanganywa na kitu, ubani uwe ndio mwingi. Kwa kipimo hicho, chenye kesi ya kujibu ni kopo la rangi tatu. Tena padre akishatia ubani chetezoni anaubariki kwa ishara ya msalaba, kimya kimya. Mzee alinyamaza. Sijui kama aliridhika, ila Ijumaa ya kwanza ya mwezi huja kuabudu na hupiga magoti kiti cha mbele.

Tatizo halisi, jamani, ni makaa. Vile vidonge vyeusi vya duara, vilivyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, vimetiwa dawa ya kushika moto haraka. Kwenye unyevu wa Mombasa hupoa dawa, unawasha kiberiti hadi kidole kinaungua na kidonge kinakutazama tu. Kikikubali, kinatoa cheche na harufu ya baruti mbele ya watoto wa altare. Vidonge hivyo hivyo ndivyo vya shisha, na tangu marufuku ya Desemba 2017 mama wa Kikatoliki akiviulizia madukani anatazamwa vingine kabisa. Vidonge hivyo mimi navipa nyota moja, tena kwa huruma.

Tumehamia makaa ya vifuu vya nazi. Yanachelewa kushika, kwa hiyo mtoto wa chetezo anayawasha nje ya sakristia wakati rozari inaendelea, lakini hayana harufu yake yenyewe na yanadumu hadi mageuzo, pale padre anapoinua hostia na kikombe. Chini ya kaa tandaza majivu kidogo, chetezo kisiungue. Subiri kaa livae jivu jeupe ndipo utie ubani, punje tano au sita tu. Kwenye kaa jekundu utomvu unaungua badala ya kunukia, na hapo hata ubani wa Usomali wa daraja la juu utaulaumu bure. Kuna mapadre wanaochota vijiko vitatu vilivyojaa. Kwao mimi huweka chombo cha ubani kikiwa nusu.

Kwa wenye pumu, tumewahamishia viti upande wa mlango wa kaskazini, na misa ya kwanza ya Jumapili haina ubani kabisa isipokuwa sherehe kubwa.

Ukienda Marikiti, nenda asubuhi, na usingoje wiki ya Idi, maana ule mzuri wanauwahi watu wa harusi. Beba mfuko wa kitambaa au chupa ya kioo; ule wa plastiki punje zinashikana na joto letu. Makaa ya vifuu sisi huletewa na mama mmoja wa Likoni, na msimu wa mvua agiza mapema kwa sababu hayakauki.