Nilivyomtoa kibundi wa Sokoke majanini: uzoefu wangu na Snapseed

Niliondoka Malindi kwa matatu ya alfajiri, nikashuka Gede, nikaingia msitu wa Arabuko-Sokoke na kijana wa Kigiriama anayetembeza wageni. Tulikwenda tukiinama chini ya vichaka mpaka mgongo ukaniuma. Ghafla akanishika mkono, akaninong'oneza: "Dada, tulia. Wale pale, wawili."

Ilinichukua muda kuwaona. Kibundi wa Sokoke hazidi sana sentimita 16. Kalamu ya risasi mpya ni ndefu kuliko yeye. Walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye kijiti, mmoja mwekundu wa kutu, mwenzake kahawia. Wa kahawia alikuwa amefumba macho. Mwekundu alifumbua nusu jicho, njano tupu, akanitazama. Nilipiga picha sita, nikarudi nyuma polepole. Flashi sikuwasha, na ukienda nakuomba nawe usiwashe. Ndege huyu aliandikwa na wanasayansi mwaka 1966 tu, na zaidi ya msitu huu anajulikana sehemu chache mno, kama milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Tusimsumbue.

Nyumbani nikafungua picha, moyo ukashuka. Kule ndani mwanga ni haba, kwa hiyo nilikuwa nimepandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, na picha nzima ilijaa chembechembe nyekundu na kijani kama mchanga uliomwagwa. Hapo ndipo nilipoamua kuigeuza nyeusi na nyeupe kwa Snapseed, programu ya Google ambayo ninayo kwenye simu. Ni ya bure, na ukishaiweka haihitaji bando kufanya kazi. Chembechembe zile zilipopoteza rangi hazikuudhi tena, zikawa kama punje za filamu za zamani.

Lakini bundi naye akapotea! Nilikuwa na picha safi ya majani, ndege hayumo. Nilihangaika na kontrasti, tofauti ya mwanga na giza, usiku kucha, napandisha, nashusha, wapi. Sababu niliielewa baadaye: wekundu wa manyoya yake na kijani cha majani vilikuwa na mwangaza uleule, kwa hiyo vikigeuzwa kijivu vinaangukia kijivu kimoja. Kilichokuwa kinamtenga na kichaka ni rangi, na rangi nimeshaitupa.

Dawa ipo ndani ya kifaa hichohicho cha nyeusi na nyeupe, na watu wengi huipita. Kuna vidoa vya rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu. Hizo ni filta, zinafanya kazi ile ya vioo vya rangi ambavyo wapiga picha wa zamani walivifunga mbele ya lenzi. Filta hung'arisha rangi inayofanana nayo na kutia giza iliyo mbali nayo. Nikagusa nyekundu. Majani yakazama, bundi akatoka mbele kama aliyewashiwa taa, na lile jicho la njano likawa karibu jeupe. Nilipiga ukelele, mama akaja mbio kutoka jikoni.

Nyekundu ilizidi kidogo, manyoya ya kifuani yakaungua yakawa doa jeupe, basi nikatulia kwenye chungwa. Kwa mwekundu wa Sokoke, chungwa ndiyo filta. Buluu usiiguse. Niliijaribu, jicho likawa jeusi tii, na ndani ya msitu uleule yuko bundi mwingine, mkubwa zaidi, ambaye macho yake kweli ni meusi. Sanaa sawa, lakini ukimbadilisha ndege macho umemfanya ndege mwingine.

Kitu cha pili ninachokipenda ni kuhariri sehemu moja tu. Unaweka nukta kwa kidole, unatanua duara, unapunguza mwanga hapo peke yake. Hii imeniokoa kwa bundi wa majengo, yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Uso wake huungua upesi. Ukiushusha taratibu, mstari mmoja mmoja wa manyoya unarudi, na unaona namna yalivyopangwa kuzunguka uso, mpango unaomsaidia kukusanya sauti ya panya gizani. Kitelezi cha kukaza umbile la manyoya nacho ni kizuri mpaka 20 hivi. Ukipita hapo manyoya yanakuwa waya.

Sasa hizo staili za giza zilizotengenezwa tayari. Ya kwanza niliyoimaliza ilikuwa hiyo: nyuma kote kiza, macho yanawaka. Marafiki waliisifu sana. Nikamwonyesha shangazi yangu, akaifunika simu kwa kiganja. "Iondoe, mwanangu. Yuwaja kumwita nani huyo?" Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, wanangoja habari ya msiba. Nilijitetea kidogo, kisha nikaitazama tena picha na kuona shangazi amesema kweli. Ndege aliyekuwa anasinzia na mwenzake nimemfanya jini. Hofu ile haikuwa msituni asubuhi ile, niliiongeza mimi kwa kidole.

Snapseed huhifadhi hatua zako, kwa hiyo sikuanza upya. Nilirudi nyuma, nikaitoa ile hatua ya giza, nikayaacha majani yabaki kijivu kizito ili vijiti vionekane, nikamwangaza kidogo yule aliyefumba macho. Shangazi akaishika simu mwenyewe safari hii, akaisogeza karibu. "Kumbe wamelala," akasema. "Huyu kamwegemea mwenziwe."

Kuchapisha kulinitesa. Studio ya kwanza mjini ilinipa picha yenye uzambarau, kwa sababu printa ilichanganya wino za rangi kupata kijivu. Nililipa na sikurudishiwa pesa. Kwingine wakakubali kutumia wino mweusi peke yake kwenye karatasi isiyong'aa, na hiyo ndiyo iliyo ukutani. Kabla hujalipa, omba wakuchapishie kipande kidogo ukitazame nje kwenye mwanga wa jua.

Programu naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kioo cha simu ni kidogo mno kwa kazi ya manyoya, kidole kinaziba kilekile unachotaka kukiona.

Kilichobaki ni yule wa kijivu, maana kibundi wa Sokoke ana rangi hiyo pia. Kwake filta haitabadili manyoya, rangi hana. Nadhani nitatumia nyekundu kuzamisha majani tu, yeye nimwache alivyo. Yule kijana wa Gede ameniambia anajua kijiti anacholala.