Diski ya kuzunguka au SSD kwa kompyuta kuukuu?

Kompyuta ikianza kugonga "tki, tki" kisha ikaganda, huenda diski yake inakufa: nakili mafaili yako kwanza. Ununuzi baadaye.

Kwa bei ya kila gigabaiti, diski ya kuzunguka bado inashinda. Ila sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kuiangusha ikiwa kazini ni kama kuizika. SSD, hifadhi inayotumia chipu badala ya sahani, haina kinachozunguka. Hata kwenye SATA ya zamani (kiunganishi cha diski na kompyuta), mashine iliyokuwa ikikusubirisha dakika kadhaa kuwaka huamka upesi mno. Ubaya wake? Mara nyingi hufa ghafla, bila kugonga.

Mwenye shehena ya video achukue diski ya kuzunguka. Anayeandika na kuperuzi tu, SSD ndogo inamtosha. Nafasi za diski zikiwa mbili, mimi ningeweka zote.