Uzoefu wangu na mfumo wa moduli wa Java: exports, opens na pale unapokwama

Kabla ya Java 9, iliyotoka Septemba 2017, klasi ikishaandikwa public basi ni ya kila mtu. Ukiiweka ndani ya pakeji (kundi la klasi) inayoitwa internal, hilo lilikuwa ombi tu, na anayetaka kuigusa aliigusa. Mfumo wa moduli, uliojengwa chini ya jina la Project Jigsaw na kusanifishwa kama JSR 376 (pendekezo rasmi la kiwango cha Java), ulileta kufuli yenyewe: moduli ni kundi la pakeji lenye jina, linalotangaza linachohitaji na linachotoa. Nimeutumia kwenye programu za upande wa seva zilizogawanywa katika moduli kadhaa, na tathmini yangu ni hii: kazi ya kuzuia moduli moja isichokonoe undani wa nyingine unaifanya vizuri kuliko chochote nilichojaribu ndani ya Java. Usumbufu wake unatoka karibu wote kwenye maktaba za watu wengine.

Kanuni yenyewe ni fupi. Klasi iliyo kwenye moduli X itaweza kutumia klasi ya moduli Y endapo X imeandika requires Y, Y imeandika exports kwa pakeji husika, na klasi yenyewe ni public. Kikikosekana kimoja, kompaila inakataa; ikiwa ni exports, inakwambia pakeji imo katika moduli fulani ambayo haijaitoa. Uzuri ni kwamba JVM, mashine inayoendesha programu za Java, hukagua tena programu inapoendeshwa, kwa hiyo faili la JAR (kifurushi cha klasi) lililokompailiwa kwa ujanja halipiti, utapata IllegalAccessError.

Faili la module-info.java la moduli ya kuhifadhi ankara linaweza kuwa hivi:

module ankara.hifadhi {
    requires java.sql;
    requires transitive ankara.msingi;
    requires com.fasterxml.jackson.databind;
    exports ankara.hifadhi.api;
    exports ankara.hifadhi.uhamisho to ankara.zana;
    opens ankara.hifadhi.umbo to com.fasterxml.jackson.databind;
}

Mstari wa exports ndio wenye thamani kubwa kuliko yote, na ndio watu wanaouandika kwa uzembe. Pakeji za Java hazirithiani: kutoa ankara.hifadhi.api hakutoi ankara.hifadhi.api.ndani, hata kama majina yanafanana na folda zimo moja ndani ya nyingine. Hilo ni jema, maana unaweza kuficha kitu chini ya jina la karibu bila wasiwasi.

Ile exports yenye to hutoa pakeji kwa moduli zilizotajwa tu. Inafaa sana unapogawa programu kubwa polepole, kwa sababu unaruhusu moduli moja ya zamani iendelee kupita huku nyingine zote zimefungiwa. Orodha baada ya to ikianza kurefuka, mimi huichukulia kuwa mpaka umechorwa mahali pasipo sahihi. Tena, ukikosea jina la moduli baada ya to, kompaila haisimami. Hutoa onyo tu, kwa kuwa moduli hiyo huenda isiwepo wakati huo. Usilizime kwa chaguo la kompaila -Xlint:-module.

Onyo jingine ninalolipenda ni -Xlint:exports. Likiwashwa, linakamata methodi ya public inayorudisha aina ambayo mtumiaji hataweza kuiona, ama kwa sababu pakeji yake haijatolewa, ama kwa sababu inatoka moduli nyingine na umesahau requires transitive, inayompa anayetumia moduli yako ile unayoihitaji pia. Bila onyo hilo moduli yako itakompailika vizuri kabisa, na anayeumia ni mwenzako anayeitumia. Liunganishe na -Werror, inayogeuza onyo kuwa kosa, usilipuuze.

Mzunguko wa utegemezi haukubaliki: A ikihitaji B na B ikihitaji A, kompaila inagoma. Dawa ya kawaida ni kuhamisha kiolesura kwenye moduli ya tatu. Dawa bora mara nyingi ni huduma: moduli inayotumia inaandika uses, inayotekeleza inaandika provides ... with, na pakeji yenye klasi ya utekelezaji haitolewi kabisa. Klasi hiyo iwe public na iwe na konstrakta ya public isiyo na vigezo, au methodi ya public static iitwayo provider. Ukisahau uses kwenye moduli inayoita ServiceLoader.load (klasi ya Java inayotafuta watekelezaji wa huduma), utapata ServiceConfigurationError inayoeleza kosa waziwazi. Lisilosema kitu ni jlink, zana ya kufungasha programu pamoja na moduli inazohitaji: kwa kawaida haiburuti moduli za watoa huduma. Programu uliyoifungasha itawaka, ServiceLoader itarudisha orodha tupu, na hakuna hitilafu yoyote itakayoandikwa. Ongeza --bind-services, au afadhali utaje moduli husika kwa --add-modules, kwa sababu --bind-services huvuta hata usivyovihitaji.

Sasa rifleksheni, yaani programu kuchungulia klasi na kugusa sehemu zake wakati inaendeshwa. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na mara nyingi ni kwa sababu wanachanganya exports na opens. Exports huruhusu kukompaili, na rifleksheni kwa vitu vya public tu. Opens huruhusu rifleksheni ya kina, hadi sehemu za private, lakini hairuhusu kukompaili dhidi ya pakeji hiyo. Maktaba za kugeuza JSON, za hifadhidata na za kupachika utegemezi zinahitaji opens. Ukikosa, unakutana na InaccessibleObjectException, ambayo ni miongoni mwa jumbe bora za hitilafu katika Java: inataja sehemu iliyoguswa, moduli yake, pakeji isiyofunguliwa na moduli iliyotaka kuifungua. Nakili majina hayo mawili kwenye mstari wa opens ... to na umemaliza. Njia ya mkato ya kuandika open module, inayofungua pakeji zote, siipendi hata kidogo. Afadhali kukusanya maumbo ya data kwenye pakeji moja na kuifungua hiyo peke yake.

Kuna mtego wa mafaili yasiyo klasi, kama violezo vya HTML au orodha za tafsiri. Faili likikaa kwenye folda ambayo ni pakeji ya moduli yenye jina, nalo linafungwa. Msimbo wa moduli nyingine ukiita getResourceAsStream utarudishiwa null, bila maelezo. Ama fungua pakeji hiyo kwa opens, ama weka mafaili kwenye folda ambayo jina lake haliwezi kuwa jina la pakeji, kwa mfano lenye kistari: violezo-html. META-INF haifungwi kwa sababu hiyohiyo.

Maktaba ya nje isiyo na module-info, ukiiweka kwenye njia ya moduli (module path, mahali Java inapotafuta moduli), inageuka kuwa moduli ya kujiendesha (automatic module). Inatoa na kufungua pakeji zake zote na inasoma kila moduli, hivyo ndani yake hakuna udhibiti wowote. Jina lake hutoka kwenye mstari wa Automatic-Module-Name katika MANIFEST.MF, faili la maelezo lililo ndani ya JAR. Mstari huo usipokuwepo, jina hukisiwa kutoka jina la faili: chombo-cha-picha-1.4.jar inakuwa chombo.cha.picha. Mtu akibadilisha jina la faili, requires yako inavunjika. Usichapishe maktaba inayotegemea jina la kukisiwa. Pia jlink haikubali moduli za aina hii hata moja.

Kikwazo kigumu zaidi ni pakeji moja kuwemo kwenye JAR mbili. Njia ya klasi (classpath, mahali pa zamani pa kutafutia klasi) ilivumilia hilo kwa kuchukua ya kwanza kuonekana. Njia ya moduli haivumilii, na programu haiwaki kabisa. Tafuta kama moja ya hizo JAR ni nakala ya zamani na uiondoe kwenye utegemezi, au panda toleo ambalo limeshatatua tatizo. Kuirudisha moja kwenye njia ya klasi hakusaidii sana, kwa kuwa moduli yenye jina haiwezi kuandika requires kwa kitu kilichoko huko.

Kwa mwenye programu ya zamani, ushauri wangu ni kuanza chini, kwenye moduli isiyotegemea nyingine za kwako. Endesha jdeps --jdk-internals (jdeps ni zana ya kuchambua utegemezi) uone nani anagusa undani wa JDK, yaani seti ya zana na maktaba za Java zenyewe, kisha jdeps --generate-module-info upate rasimu. Rasimu hiyo hutoa pakeji zote. Kazi halisi inaanza hapo: futa mistari ya exports mmoja mmoja, kompaili, uone nani analalamika.

Undani wa JDK wenyewe ulifungwa kwa hatua. Java 16 iliufunga kwa chaguo-msingi, na Java 17 ikaondoa nguvu ya --illegal-access, ndiyo maana wengi waliuhisi mfumo huu walipohamia 17. Kilichobaki ni kufungua pakeji mojamoja, mfano --add-opens java.base/java.lang=ALL-UNNAMED (ALL-UNNAMED ni msimbo wote ulio kwenye njia ya klasi), au kuandika Add-Opens kwenye MANIFEST.MF, ambayo hufanya kazi kwa ile JAR unayoianzisha kwa java -jar tu. Na usishangae --add-exports ya pakeji za JDK ikikataliwa na javac (kompaila ya Java) uliyoipa --release. Hivyo viwili haviendi pamoja.

Majaribio yaliyo kwenye pakeji ileile ya msimbo yanahitaji --patch-module ili yaingizwe ndani ya moduli. Surefire, programu-jalizi ya majaribio ya Maven (zana ya kujenga programu), hujaza sehemu kubwa ya hayo yenyewe ikikuta module-info.

Jambo ambalo ningetaka kila mtu alijue kabla ya kusifu au kulaumu: JAR ikiwekwa kwenye njia ya klasi, module-info yake inapuuzwa yote. Hakuna onyo. Mifumo mingi inayofungasha kila kitu ndani ya JAR moja huendesha programu kwa njia hiyo, kwa hiyo unabaki na ukaguzi wa kompaila tu. Weka mstari mmoja mwanzoni mwa programu: kama Main.class.getModule().isNamed() inarudisha false, andika kwenye kumbukumbu au ukatae kuwaka. Ukitaka kuona moduli zilivyochaguliwa, --show-module-resolution inaorodhesha zote.

Haya yote si ulinzi dhidi ya anayeanzisha JVM. Yeye ana --add-opens mkononi. Mfumo hauchagui matoleo ya maktaba pia, na hauna la kusema kuhusu tabaka zilizo ndani ya moduli moja. Kwa hilo la mwisho naongeza ArchUnit, inayosoma msimbo uliokompailiwa na kuangusha jaribio pakeji ya wavuti ikigusa pakeji ya hifadhidata. Wanaoandika Kotlin wasitegemee internal peke yake: ikikompailiwa inakuwa public, mara nyingine yenye jina lililopindwa, na msimbo wa Java unaweza kuiita. Ukiwa na module-info isiyotoa pakeji hiyo, mlango huo nao unafungwa.