Gari la spoti: upepo wa kibandiko au kuongeza kidogo?

Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinataja presha ya tairi zikiwa baridi, na mara nyingi za mbele na za nyuma hutofautiana. Wapo wanaoongeza psi 3 au 4 juu ya hapo. Usukani unaitika upesi zaidi, kwa sababu kuta za tairi hazinepi sana kwenye kona, na mafuta yanapungua kidogo. Lakini tairi likijaa mno hutuna katikati: eneo linaloshika lami linapungua, na mpira wa katikati unalika kwanza. Barabara mbovu? Kila shimo utalisikia mgongoni, maana tairi za magari haya kuta zake tayari ni fupi.

Kwa safari za kila siku, mimi nabaki na kibandiko. (Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo, si pendekezo, wengi huzichanganya.) Kwenye uwanja wa mbio hesabu hugeuka: joto hupandisha presha, takriban psi 1 kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi, hivyo madereva wengi huanza na upepo pungufu, kisha hupima tena mara tu wanapotoka.