Kliniki ya ngozi: foleni inachosha, maabara nawavulia kofia

Nina ualbino na ni fundi cherehani wa barazani, kwa hiyo mimi na jua tunajuana. Kidonda cha sikio la kulia kilinikalia miezi mitano, nikakipaka kila nilichoambiwa na wateja, hadi mshubiri. Kliniki hii (jina naliacha, maana nina lawama) nilifika saa moja asubuhi, nikaitwa saa saba mchana. Benchi liko nje, na ilipofika saa nne kivuli kilishalihama. Kliniki ya ngozi, jamani! Tukawa tunalibeba benchi kufuata kivuli.

Ndani, mambo mengine kabisa. Ganzi, kisu, nyuzi tatu, nikarudi kazini. Majibu yakaja: kansa ya seli bapa, ile inayotuandama zaidi wenye ualbino. Daktari wa maabara akaniuliza kama nataka kuiona, akanisogezea hadubini. Nikaona nyama ya waridi yenye viduara vilivyojikunja tabaka tabaka kama kitunguu kilichokatwa; wao wanaviita lulu. Pembeni, vidoa vya zambarau vimejazana kama siafu.

"Hizo ndizo seli zako za kinga."

Nikamuuliza, sasa wote hao walikuwa wanafanya nini miezi mitano? Akacheka, akanieleza. Seli T, askari wa kinga, humtambua adui, ila kansa huweza kujivika protini ya PD-L1. Ikishika PD-1, protini nyingine iliyo juu ya seli T, ile hamu ya kupigana inazimika. Tena humo humo kwenye seli za kinga wamo wanaowatuliza wenzao, na kwa rangi hii ya kawaida ya maabara huwezi kuwatambua. Jua nalo limeshadhoofisha seli za Langerhans, zile za ngozi ya juu zinazopeleka habari ya adui. Dawa za kuzuia mshikano huo zipo. Mjapani Tasuku Honjo, aliyegundua PD-1, alipata Nobel mwaka 2018 pamoja na Mmarekani James Allison. Bei sikuthubutu kuuliza. Kwangu kisu kilitosha, kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, hazina kansa.

Nikaondoka na Kilisun, losheni ya kukinga jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yetu. Uso na mikono nilikuwa napaka siku zote. Masikio ndiyo nilikuwa nayaruka.

Nyota nne kwa tano. Ukienda, beba mwavuli.